Saa ya Meli na Saa ya Voi

Mimi ni dereva wa watalii. Nimezaliwa Ronge, kwenye mashamba ya milimani, lakini kazi yangu iko Voi. Kabla ya hapo niliendesha basi la shule kwa miaka minne, na wazazi walinikabidhi watoto wao kwa imani. Nilipoingia kwenye utalii, madereva wenzangu, karibu wote wanaume, waliniambia nitachoka kabla ya mvua za vuli. Sikuchoka, ila nilikuwa wa mwisho kupewa kazi, na kazi zenyewe zilikuwa zile ambazo wengine wamezikataa.

Kazi za meli ndizo zilizokataliwa zaidi. Meli kubwa ya watalii inapotia nanga Mombasa kwa siku moja, abiria wengi huenda matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe. Wengine hununua kwenye mtandao, kwa kampuni ya mbali isiyo na gari hata moja. Kampuni hiyo huiuzia kampuni nyingine, nayo humuuzia wakala wa Mombasa, wakala naye hunipigia simu mimi. Mgeni anayefika kwangu ameshapita mikono mitatu, na kila mkono unajua machache kuliko uliotangulia. Tena kuna sharti moja linalowatisha madereva: gari la meli likichelewa, meli inasubiri. La kwetu likichelewa, meli inang'oa nanga.

Siku ninayoikumbuka nilipewa wageni wawili, mzee mmoja na mkewe. Vocha, ile karatasi ya kazi kutoka kwa wakala, ilisema niwachukue nje ya lango la bandari saa kumi na mbili asubuhi, niwapeleke Tsavo Mashariki, nao wawe wamerudi melini saa kumi na moja na nusu jioni. Nililala Mombasa, na saa kumi na mbili kasorobo nikawa langoni. Niliwakuta wamesimama, mzee ameshika mkongojo, mama amekunja uso.

"Umechelewa," mzee aliniambia.

Nilitazama simu yangu. Nilikuwa nimewahi kwa robo saa. Lakini mgeni hagombezwi alfajiri, basi nikaomba radhi na kuwafungulia mlango.

Hasira yao iliisha kabla hatujafika Mariakani. Mama aliniambia kwamba walikuwa walimu wote wawili, wamestaafu, na kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto habari za ndovu ambao yeye mwenyewe hajawahi kuwaona. Tulipita Voi, tukaingia mbugani, na kabla ya saa nne alikuwa amewaona zaidi ya hamsini, wekundu kwa vumbi la kwetu. Alilia bila kujificha. Mzee alimpa kitambaa chake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Asante, binti yangu."

Saa sita na robo tulikuwa tunakula katika hoteli moja humo mbugani. Mama alinyoosha mkono kuchukua chumvi, macho yangu yakaangukia saa yake. Ilionyesha saa saba na robo.

"Mama, saa yako inakimbia," nilisema.

"Hapana, iko sawa. Niliipatanisha jana na saa ya meli."

Niliuweka mkate wangu sahanini. Nikamwuliza walikuwa wametoka wapi kabla ya Mombasa. Shelisheli, akasema. Kule wako mbele yetu kwa saa moja, na meli haikuwa imerudisha saa zake nyuma. Nikamwomba ile karatasi wanayopewa melini. Aliitoa mkobani, imekunjwa mara nne. Ilisema kila abiria awe ndani saa kumi na moja na nusu, kwa saa ya meli. Kumbe asubuhi walikuwa wamenisubiri karibu saa nzima. Na kumbe jioni hatukuwa na muda ule nilioupanga. Kwa saa za Kenya, mlango wa meli ungefungwa saa kumi na nusu.

"Dawa zako za moyo ziko wapi?" mama alimwuliza mumewe.

"Chumbani, melini. Na pasipoti pia."

Nilisimama. Kutoka pale hadi Mombasa ni kama saa tatu, kwa hiyo tungefika bila shida ikiwa tungeondoka wakati uleule. Nilikuwa nawapakia garini dereva mwenzangu aliponipigia kutoka Maungu. Trela lilikuwa limelala katikati ya barabara kuu, magari yamejazana pande zote mbili, na gari la winchi la kuliondoa bado halijatoka Voi.

Nilimpigia wakala.

"Dada, fuata vocha," alisema. "Vocha inasema kumi na moja na nusu."

"Vocha imeandika saa ya meli bila kusema ni ya meli."

"Mimi nimeletewa tu hiyo karatasi. Aliyeniletea naye ameletewa. Wakiachwa, sema barabara ilifungwa."

Nilikata simu. Nilimtazama yule mzee, amekaa na mkongojo katikati ya magoti, nikajua kwamba mkono wa nne ulikuwa wangu, na baada yangu hapakuwa na mwingine.

Iko njia ya vumbi inayokata mbuga kuelekea kusini na kutokea lango la Bachuma, mbele kabisa ya Maungu, upande wa Mombasa. Nilikuwa nimeipita mara chache tu. Niliwaeleza wageni kila kitu, bila kuwaficha: kwamba njia ni mbovu, kwamba humo ndani kasi ina kipimo chake na sitaivunja, na kwamba hatutasimama kupiga picha.

"Unaijua?" mzee aliuliza.

"Naijua."

"Basi endesha."

Niliendesha. Nilikwepa mashimo kama nilivyokuwa nikiyakwepa na watoto wa watu nyuma yangu. Mama alishika mkono wa mumewe, na kila tulipopita nguzo yenye namba ya njia aliisoma kwa sauti, mimi nikaitikia. Tulikuwa tumefika karibu na lango nilipolazimika kufunga breki. Ndovu, mama na watoto, walikuwa wamesimama njiani. Ndovu hapigiwi honi. Nilizima injini. Dakika kumi na tatu zilipita. Kisha jike kubwa alikung'uta masikio, akavuka, wengine wakamfuata.

Tulitoka Bachuma saa nane na dakika ishirini. Kwa sababu ya lile trela, barabara ya kushuka Mombasa ilikuwa tupu kama siku ya Krismasi. Sijawahi kuiona vile, wala sidhani nitaiona tena. Tulisumbuka kidogo Miritini na malori, lakini saa kumi na dakika tatu nilisimama mbele ya lango la bandari.

Mama alishuka, akanikumbatia huku vumbi la Tsavo likimtoka nyweleni. Mzee alivua kofia, akasimama wima bila mkongojo, akanipa mkono kama anavyompa mkono mwalimu mwenzake. Nilibaki pale hadi nikawaona juu, wakipunga mikono kwenye ukingo wa meli. Halafu nilikaa garini nikacheka peke yangu, nikacheka hadi askari wa lango akaja kuuliza kama niko sawa.

Mama yule aliandika habari yetu kwenye mtandao, palepale aliponunulia safari. Aliandika kwamba dereva mwanamke wa Voi aliona kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Meli iliyofuata ilileta watu waliouliza dereva huyo ni nani. Waliokuja baadaye hawakupitia kwa mtu, walinitafuta wenyewe. Leo nina ofisi ya chumba kimoja karibu na stesheni ya Voi, magari mawili, na mdogo wangu wa kike analiendesha la pili. Vocha naziandika mimi mwenyewe.

Juzi tulikuwa na wageni kumi na wawili. Tuliwarudisha bandarini saa mbili nzima kabla ya mlango kufungwa, na bwana mmoja akalalamika kwamba tungeweza kukaa na simba zaidi. Mdogo wangu alitaka kumjibu. Nilimkonyeza, tukamwacha alalamike mpaka mgeni wa mwisho alipopanda ngazi.