Mgonjwa wa Karuba

Kwa muda mrefu nilikana kwamba niliwahi kubeba nguruwe kwa tipoyi, ile machela ya wagonjwa wa milimani. Mwenye shahada ya mifugo hubeba mkoba. Lakini ni kweli: nilishika mti wa mbele, upande wa kushoto.

Siku yangu ya kwanza kazini Masisi, Chef, mkuu wetu wa huduma ya mifugo, alinionya. "Dokta, nguruwe iko na mafuta sawa vile wewe uko na maneno. Sindano mufupi itabakia mule." Akanifundisha kuchagua sindano ndefu na kuchoma dawa ya usingizi nyuma ya sikio hadi kwenye nyama, mnyama apimwe uzito na asilishwe tangu jana yake. Asipolala upesi, usiongeze. Dawa iliyonaswa kwenye mafuta itafika tu, na ikiikuta dozi ya pili ndani, mnyama haamki tena.

Vita vilipotukaribia, niliitwa Karuba. Nguruwe jike wa Mama Vumilia, mali pekee iliyombakia, alikuwa amepasuliwa ubavu na waya. Nikamchoma ketamini pamoja na dawa ya kulegeza misuli. Akaendelea kusimama, ananitazama.

"Ongeza, Dokta!" majirani walipiga kelele.

Niliwanyamazisha, nikangoja. Mwishowe akalala. Nilikuwa nafunga uzi wa mwisho risasi ziliposikika ng'ambo ya kilima.

"Tukimbie!"

"Miye sitoke bila ye," alisema Mama Vumilia. "Mulete tipoyi."

"Mama, tipoyi iko ya bantu!" alifoka Papa Bahati, jirani yake.

"Na wewe ulivunjika muguu, nani alikubeba? Shika mti!"

Tulimfunika kitenge asipate baridi, pua tukaiacha wazi. Nilitembea nikisikiliza pumzi yake. Njiani bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba: "Pole na mugonjwa."

"Asante, Mama," nilijibu.

Kwenye njia panda tuliachana, nguruwe bado amelala. Mimi nikapanda lori la Goma.

Habari ilimfikia Chef. "Ni kweli ulibeba nguruwe?"

"Hapana, Chef." Ningekubali, angeuliza kama aliamka, nami sikujua. Aibu ya tipoyi ilikuwa ndogo. Niliogopa kwamba tulibeba maiti.

Mvua zilikuwa zimekwisha simu yangu ilipolia mbele ya Chef.

"Dokta, ni Mama Vumilia. Mugonjwa wetu amezala. Papa Bahati anauliza: na batoto tubabebe?"

Nyuma ya sauti yake, kitu kilikoroma kwa hasira.

"Nani huyo?" aliuliza Chef.

Nikamsogezea simu. "Mgonjwa wangu, Chef. Msikilize."