Masikio ya Albano na Gari la Mjumbe

Mie naanza na hili ili msinisumbue na maswali baadaye: mume wangu Albano, fundi magari aliyejulikana Temeke nzima kwa jina la Masikio, alikuwa hasikii.

Si kwamba alikuwa kiziwi wa kupigiwa debe. Sauti nene alizipata, ngurumo, ngoma, mie nikifoka. Nyembamba ndizo zilizomkimbia. Mbu hamsikii. Birika linapiga kelele jikoni mpaka maji yanakauka, yeye kakaa pembeni yake anasoma gazeti la juzi. Miaka kumi na minne alinyoosha bodi za magari kwa nyundo kwenye karakana moja kule Chang'ombe, na nyundo zile zilikula masikio yake kidogo kidogo.

Jina la Masikio alilipata zamani, wakati bado anasikia. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini anautia sikioni, anafumba macho, kisha anakutajia kilichoharibika. Masikio yalipoondoka, bisibisi ilibaki, maana wateja waliipenda. Kumbe ukweli alikuwa anasikiliza kwa kiganja. Mkono mmoja umeshika bisibisi kwa ajili ya watu, mwingine umelala juu ya chuma kwa ajili ya kazi. Aliyejua ni mie peke yangu, na nilikaa kimya, maana fundi asiyesikia nani atampelekea gari?

Mwaka sabini na sita karakana ilifungwa. Albano akawa anatengeneza magari mbele ya nyumba yetu, hana kitambulisho cha kazi, hana chochote. Na mwaka huohuo ndio malori ya mgambo yalikuwa yanapita mitaani. Ukiulizwa kazi yako na huna karatasi, unapandishwa, unapelekwa kijijini kulima. Mie silaumu kilimo, nimekulia Masasi, jembe nalijua. Lakini tulikuwa tumeshajenga, Avelina wetu yuko darasa la nne, na mume wangu akatupwe porini kwenye nyoka asiowasikia? Niliogopa, sitawadanganya. 

Dawa ilikuwa moja tu: barua ya mjumbe wa nyumba kumi.

Mjumbe wetu alikuwa Mzee Mwishehe, mwenyeji wa Temeke tangu enzi za babu yake, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Alikuwa na gari jeusi la Kiingereza la mwaka hamsini na nne, aliloachiwa na Mzungu mmoja wa bandarini siku Mzungu anarudi kwao. Sie tuliliita Mkoloni. Albano alipokwenda kuomba barua, Mzee Mwishehe alimjibu kwamba ataandika kwa moyo mmoja, ila kwanza Mkoloni ana mlio, analia wiii mpaka mjumbe anaona haya kupita mbele za watu. Apate ugonjwa wake kabla ya Ijumaa, barua itakuwa tayari. Asipoupata, basi, mjumbe hawezi kuandika kwamba mtu ni fundi wakati si fundi.

Albano akarudi nyumbani akakaa kwenye kigoda. Akaniambia amepanda gari lile, wakazunguka mpaka uwanjani na kurudi, na hakusikia kitu.

"Mama Avelina," akasema, "gari linalia na mie silisikii. Safari hii nimekwisha."

Nikamwambia hajakwisha, mie masikio ninayo mawili na yote mazima.

Sasa Mzee Mwishehe naye, badala ya kumwachia fundi kazi yake, akaitisha mkutano. Mlio wa gari, alisema, ni tatizo la wote, na tatizo la wote hutatuliwa na wote. Basi nyumba kumi zikapanda Mkoloni kwa zamu, watu sita sita, kila mmoja akatoa maoni. Bi Hija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta aliyekuwa akiuza vitumbua, alisema ni jini la yule Mzungu, linataka kurudi kwao. Mwalimu mstaafu akasema ni tairi la nyuma. Mzee mmoja asiyewahi kupanda gari maishani mwake akasema na yeye anaona ni tairi la nyuma. Ikapigwa kura. Tairi la nyuma likapata kumi na tano, jini saba, giaboksi haikupata hata moja, maana aliyekuwa ameitaja alitoka kwenda msikitini. Ikaandikwa kwenye daftari: mkutano umeazimia kwamba mlio unatoka tairi la nyuma, fundi atekeleze.

Nilitamani kulia na kucheka palepale. Lakini unampinga nani? Daftari limeshagongwa muhuri.

Jumatano asubuhi tukaenda kulijaribu wenyewe. Albano kwenye usukani, Mzee Mwishehe kando yake, mie kiti cha nyuma nyuma ya mume wangu, nimejidai nina safari ya kwenda Mtoni kumwona shoga yangu. Tulikuwa tumepatana nyumbani: likilia namfinya bega mara moja, likinyamaza namfinya mara mbili.

Gari limesimama, injini inaunguruma, gia haijaingia. Wiii. Nikamfinya. Akakanyaga klachi, mlio ukakata. Mara mbili. Akaachia, ukarudi. Nikafinya. Tukaondoka. Gia ya kwanza likalia, ya pili likalia, ya tatu ndiyo usiseme, nilimfinya mpaka akaruka kitini. Akaingiza ya nne. Kimya. Nikamfinya mara mbili, na mie mwenyewe nikashangaa. Tulipofika mteremko wa Mtoni akazima injini kabisa, akaweka frii, tukateleza na magurudumu yanazunguka vilevile. Kimya tena. Tairi la nyuma la watu kumi na tano halikusema hata neno.

Nikamwona anatabasamu kwenye kioo. Alikuwa ameshapata. Si tairi, maana matairi yanazunguka na hakuna mlio. Si injini, maana klachi inaunyamazisha. Ni giaboksi, tena shafti ya chini, ile inayobeba mzigo kwenye gia zote isipokuwa ya nne. Aliyajua yote hayo kwa bega lake lililovimba.

Ila kwenye kioo kilekile niliona na macho ya Mzee Mwishehe. Yalikuwa yanatazama vidole vyangu.

Tukarudi, gari likaachwa lipoe usiku kucha mbele ya nyumba ya mjumbe. Alhamisi asubuhi Albano akalaza gunia, akaingia chini ya gari, na hapo ndipo nilipoona mambo. Kwanza paka. Paka wanne walikuwa wamelala chini ya giaboksi kana kwamba ni kwao. Halafu sisimizi, mstari mnyoofu unatoka kwa mwalimu mstaafu, unapanda tairi la mbele, unaishia kwenye nati ya kumwagia oili. Albano akaifungua ile nati. Mie nimesimama na karai. Kikatoka kitu cheupe kizito, kikaning'inia, kikadondoka vipande vipande, kisha kikafuata kioevu. Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi. Harufu iliponipata nikajua hata kabla sijainama.

Mafuta ya nazi.

Jamani, nataka mnielewe hasira yangu. Mafuta ya kupikia yalikuwa hayaonekani mji mzima. Duka la ushirika lilikuwa limetoa debe moja kwa nyumba zetu kumi, na Mzee Mwishehe ndiye aliyekabidhiwa kuligawa. Akaja kututangazia kwamba debe limevuja. Tukampa pole. Miezi miwili nilikuwa nakaanga dagaa kwa maji. Bi Hija aliacha kabisa vitumbua, akageuza chuma chake cha kukaangia kifudifudi, akawa anakaa barazani mikono mitupu.

Mzee Mwishehe alipoona nimeshika karai na simwondolei macho, akakaa chini kwenye gunia, kanzu yake nyeupe na yote. Akaeleza. Oili ya gia haipatikani, inatoka nje. Alikuwa amekwenda semina, wakaambiwa tutumie vitu vyetu wenyewe. Nazi ni yetu. Akaweka lita mbili, zikavuja kwenye mpira wa giaboksi, akaongeza, zikavuja, akaongeza. Kwa hiyo alipotuambia mafuta yamevuja hakusema uongo, alituomba tulizingatie hilo.

"Mzee shikamoo yako naiheshimu," nikamwambia, "lakini umelilisha gari chakula cha nyumba kumi."

Akajikung'uta kanzu. Kisha akasema kwa upole sana kwamba na yeye jana aliona fundi anayefinywa. Albano alikuwa bado chini ya gari, hasikii, anapiga mluzi wake usio na sauti. Tukatazamana, mie na mjumbe, karai la mafuta katikati yetu. Hakuna aliyemtisha mwenzake kwa mdomo. Akaingia ndani akarudi na kalamu.

Albano alikuwa na nusu kopo la oili ya gia aliyoihifadhi tangu karakana. Akaitia. Mlio haukwisha wote, beringi zilikuwa zimeshalika, ila ulipungua mpaka mjumbe akaweza kupita mbele za watu. Kwenye mkutano wa Ijumaa mume wangu alisimama akatoa taarifa kwamba mlio ulikuwa kwenye tairi la nyuma, kama wananchi walivyoazimia. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mstaafu alitembea kifua mbele wiki nzima. Na barua tukapewa, mihuri miwili.

Kosa la Mzee Mwishehe ni kwamba aliona aibu, na mtu akiona aibu anazidisha. Aliandika kwamba Albano ni fundi mwenye masikio makali kuliko fundi yeyote wa Temeke.

Jumatatu lori likaja. Mgambo wanane na afande mmoja mwenye filimbi. Walikuwa wameshapita nyumba za jirani, na juu ya lori kulikuwa na watu kama kumi na tano. Bi Hija alikuwamo. Waliposema aonyeshe kazi yake alikwenda akaleta chuma cha vitumbua, wakakikuta kina vumbi, wakampandisha nacho. Alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, kakipakata. Nilimwona nikatazama pembeni, maana mie nilijua vitumbua vyake viliishia wapi, na nilikuwa nimenyamaza ili nipate barua yangu.

Afande akapuliza filimbi kila mtu asimame. Watu wote wakasimama. Albano akaendelea kutembea na ndoo yake. Akapuliza tena. Albano huyo anakwenda. Mie niko ng'ambo ya uwanja, mkono haufiki. Mgambo wawili wakamrukia, wakamleta kwa ukosi wa shati. Nikakimbia na barua. Afande akaisoma kwa sauti mpaka pale penye masikio makali. Akaacha kusoma.

"Masikio makali," akasema, "na filimbi hujaisikia?"

Mzee Mwishehe alikuwa amesimama palepale akitazama viatu vyake. Nikasema mie. Nikasema afande, masikio yake ni ya magari tu, ya watu hayana kazi. Lilikuwa jibu la kijinga na nililijua. Afande akacheka, akasema vizuri, asikilize basi hili lori lao aseme lina nini. Akikosa, apande na yeye.

Wakanizuia nisisogee. Nilibaki nimekunja vidole vyangu viwili, havina wa kumfinya. Dereva akawasha. Albano akaingia chini, akaweka bisibisi, mpini sikioni, macho kafumba, na kiganja cha mkono wa pili juu ya giaboksi. Alikaa muda mrefu. Akatoka anajifuta mikono. Hakunitazama mie, alitazama juu, kule kwenye tairi la akiba. Akasema giaboksi inalia, shafti ya chini, beringi zimekwisha. Lori hili likipakia watu halivuki Mbagala, litajifunga gia katikati ya njia.

Mie nilikuwa nasikiliza kwa masikio yangu mawili mazima. Lori lile halikuwa na mlio wowote.

Afande akainamisha kichwa. Akasema mbona hata yeye anaisikia. Dereva, kwa kuogopa kuulizwa kwa nini hakutoa taarifa, akasema yeye anaisikia tangu juzi. Hapo Mzee Mwishehe akaamka. Akajongea mbele, akakohoa, akasema kwa utaratibu wa nyumba kumi jambo hili lipigiwe kura, wanaousikia mlio wanyooshe mikono. Waliokuwa juu ya lori ndio waliotangulia. Bi Hija alinyoosha chuma. Mwalimu mstaafu, mgambo wanane, afande mwenyewe. Mie nilinyoosha mikono miwili.

Watu wakashushwa, wakaambiwa warudi makwao wangojee lori litengenezwe. Lilikaa mbele ya nyumba yetu siku tisa. Mzee Mwishehe siku hizo aliandika barua mpaka muhuri ukakauka wino, ya Bi Hija ikiwa ya kwanza, na nusu debe iliyokuwa imebaki uvunguni kwake akaipeleka kwa Bi Hija mwenyewe, kichwani, mchana kweupe. Mgambo waliokuwa wakilinda lori walikula vitumbua kila asubuhi. Siku ya kumi afande akaja, akaendesha mpaka Kurasini na kurudi, akamshika Albano mkono na kumwambia mlio umekwisha kabisa.

Lilipoondoka nikamshika mume wangu bega, lilelile, bado lina alama. Nikamuuliza karibu ya sikio, kwa sauti nene, ni kweli kiganja kilimwambia giaboksi ni mbovu?

Akatikisa kichwa. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kushika giaboksi nzima kama ile.