Mlinzi wa Mapovu

Mtaani wananiita Geti. Nimelinda mageti ya watu tangu nina nywele nyeusi mpaka sina nywele. Kiwanda cha magodoro, ghala la saruji, mwisho shule. Kazi yenyewe ni moja. Unakaa, unaangalia, huondoki mpaka aje wa kukupokea. Asipokuja, unaunganisha zamu. Nimeunganisha sana.

Mke wangu alizoea. Nikifika nyumbani, kabla hata sijavua viatu, ananiuliza, "Umemwachia nani geti?" Namtajia. Hapo ndipo anasema karibu. Nadhani alianza kwa utani. Baadaye ikawa ndiyo salamu yetu.

Yeye alikuwa na tangi la samaki. La kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Aliachiwa na tajiri aliyekuwa akimfulia nguo, tajiri alipohama. Wenzake waliachiwa makochi. Yeye akaja na tangi juu ya mkokoteni, analishikilia kama mgonjwa. Nikamwambia, "Hawa samaki hata kuliwa hawaliwi."

Akanijibu, "Na wewe huliwi, na nimekuweka."

Samaki wenyewe ni wadogo, wana mstari wa buluu ubavuni. Aliwachukulia kama wapangaji. Mapenzi yake yalikuwa kwenye mimea. Alipanda humo majini kama mwingine anavyopanda mchicha. Mirefu nyuma, mifupi mbele, na katikati ile myekundu. Myekundu kweli, kama mdomo wa bi harusi.

Ile haiwi myekundu hivihivi. Inataka mwanga, na inataka gesi, ile ile iliyomo kwenye soda. Alikuwa akiitengeneza mwenyewe. Chupa ya plastiki, maji, sukari, hamira, na kipira kinachotoka kwenye kizibo mpaka ndani ya tangi. Hamira ikila sukari, mapovu yanatoka. Kopo la sukari likiwa jepesi, najua imekwenda huko. Nikilalamika chai haina sukari, anasema, "Wao hawana meno ya kuoza."

Hospitali, siku ya mwisho niliyomkuta akiweza kuongea, hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Ile myekundu ikoje?"

"Ipo."

"Isife."

Tukamzika. Niliporudi nyumbani, chupa ilikuwa imenyamaza.

Mimi na binti yangu tukajaribu kuikoroga. Kipimo mama yake alikuwa nacho mkononi mwake, akaondoka nacho. Hamira ikafura, ikapanda kwenye kipira, ikaingia kwenye tangi kama uji. Samaki wakapotea kwenye ukungu. Tulishinda tunachota maji na kuweka mengine. Binti yangu akacheka, kisha akalia, kisha akaendelea kuchota. Majani mekundu yakaanza kuwa kama karatasi iliyolowa.

Binti yangu ni muuguzi, anafanya kazi mji mwingine. Kabla hajaondoka akaninunulia mtambo. Mtungi mdogo wa chuma, juu yake regulata ya kupunguza gesi, yenye saa mbili za kupimia, kama ile ya jiko la gesi lakini yenye madoido. Pembeni swichi ya umeme. Taa ya tangi ikiwaka, swichi inafungua gesi. Taa ikizimwa, inafunga. Hutakiwi kufanya kitu.

Muuzaji alikuja mwenyewe kuufunga. Ana duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko. Ana ndevu nzuri, anajiita Daktari. Alifunga kila kitu huku akipiga mluzi, kisha akagonga kichwa cha mtungi kwa kidole.

"Hii koki ya juu nimeshaipima. Usiiguse, mzee wangu. Ukiigusa, usiniite."

Nikasema sawa. Mimi nikishapewa amri, siiulizi mara ya pili. Ndiyo maana sikuwahi kufukuzwa kazi.

Jioni ile nikazima taa. Swichi ikalia tak. Mapovu hayakusimama.

Nikaiwasha, nikaizima tena. Tak. Mapovu yakazidi. Nikadhani ndivyo mtambo mpya unavyojinyoosha. Nilipoangalia tena, samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanavuta hewa kama watu waliokimbia. Nikachukua jagi. Nikachota maji ya tangi, nikayamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Nikachota, nikamimina. Baadaye mapovu yakakata yenyewe, kama mtu aliyekumbuka jambo. Samaki wakashuka. Mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka kwapani.

Tangu hapo mtambo ule ukawa hauna adabu. Unaweza kukaa kimya asubuhi yote, myekundu inakosa gesi. Halafu ghafla unachemka. Taa iwake isiwake, ni mamoja. Hakuna saa yake. Nikichomoa kipira, mimea inakufa. Nikiuacha, samaki wanakufa. Njia ilikuwa moja tu. Kuukalia.

Nikavuta kiti, nikakiweka kati ya kitanda na tangi. Chumba chetu si kikubwa. Nikikaa, magoti yanagusa kioo, mgongo unagusa godoro. Dirisha lilikuwa linaingiza jua kwenye maji, nikakata boksi la mtambo nikaliziba. Basi nikakaa gizani, uso wangu unawaka kwa taa ya samaki. Nikienda chooni, naacha mlango wazi nisikilize. Chai nilikunywa hapo. Kusinzia nilisinzia hapo, kwa jicho moja, kama enzi za ghala la saruji. Jagi lilikuwa miguuni.

Nikampigia Daktari simu.

"Mzee wangu, kitu kipya hakiwezi kuwa kibovu."

"Hiki ni kibovu."

"Kinazoea. Kipe muda."

"Kinizoee mimi au samaki?"

Akacheka. "Basi ulete niuone. Njoo na boksi lake."

Nikatazama dirishani. Boksi lilikuwa na tundu la komeo, na gundi. Na mtungi ule nitaubebaje bila kufunga koki? Koki haiguswi. Nikakata simu.

Binti yangu naye alikuwa akipiga.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umetoka nje?"

"Nani atanipokea?"

"Baba, hiyo si kazi."

Nikainamia jagi. Mapovu yalikuwa yanaongezeka.

Kabla ya mtambo nilikuwa nakwenda makaburini kila wiki. Namng'olea mke wangu majani, nakaa kidogo, narudi. Tangu mtambo uingie ndani sikwenda. Nilikuwa nikifikiri hivi kila nikishika jagi. Vitu vyake vinanizuia kumfuata mwenyewe. Halafu nikifikiri kuondoka, namsikia anasema isife. Nakaa.

Aliyenitoa ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Alikuwa shoga yake mke wangu. Akagonga dirishani, kwenye boksi.

"Shemeji! Umo humo au nimwite mwenye nyumba avunje mlango?"

"Nimo."

Akaingia, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Akasimama akashika pua.

"Shemeji, chumba kinanuka mzee."

"Ndiye anayekaa."

Nikamweleza. Akainama, akatazama mtungi kama anavyotazama nguo iliyoshonwa na fundi mwingine.

"Hii ya juu si ndiyo inafunga?"

Mkono wake ulishafika. Nikaushika. "Tumeambiwa isiguswe."

"Tumeambiwa na nani?"

"Daktari."

"Daktari gani? Yule anayeuza konokono?" Akacheka mpaka akakaa kitandani. Alipomaliza akafuta macho, akanitazama vizuri. Sijui aliona nini. Aliinuka, akachomoa kipira kwenye maji, akachomoa waya ukutani, akautia mtambo wote kwenye kikapu changu cha sokoni, koki ikiwa vilevile.

"Nenda nao hivyo hivyo. Koki yako hujaigusa."

"Na huku je?"

"Gesi unaondoka nayo, Shemeji. Humu ndani kunabaki nini cha kulindwa?"

Nikang'oa boksi dirishani, nikafunga mlango, nikatoka. Jua lilinipiga usoni kama kofi. Kikapuni mtambo ulikuwa ukipumua kama paka, watu wakawa wananipisha njia.

Duka la Daktari ni jembamba, matangi pande zote, unapita kwa ubavu. Alilitazama boksi langu lililokatwa.

"Hii ni kofia au boksi?"

"Boksi."

Akachukua mtambo, akaufunga kwenye tangi lake la mbele. Humo alikuwa na samaki bapa, wana mapezi marefu kama kanzu. Kilibandikwa kikaratasi juu ya kioo: hawauzwi. Daktari mwenyewe ndiye aliyenisomea, kwa majivuno. Akawasha. Mapovu yakatoka taratibu, moja, moja, kama tasbihi. Akazima. Yakasimama. Akawasha. Yakatoka.

"Umeona, mzee wangu?"

"Nimeona."

"Basi shida iko kwako nyumbani."

"Nitakaa."

"Utakaa wapi?"

Nikageuza ndoo, nikaikalia. Kukaa ndiyo kazi ninayoijua.

Wateja wakawa wanaingia, wananiruka. Mama mmoja akaniuliza bei ya ndoo. Mwingine akauliza, "Mzee unafanya nini hapa?"

"Nalinda."

"Unalinda nini?"

"Mapovu."

Akamtazama Daktari. Daktari akatazama dari. Mapovu yaliendelea, moja, moja. Sijawahi kuona mtambo wenye adabu kama ule siku ile.

Mchana Daktari akachoka. Akaniambia anakwenda kula, nimwangalizie duka. Hakucheka aliposema, wala mimi sikucheka. Akatoka.

Haukupita muda. Mapovu yakaanza kufuatana. Kisha yakashikana. Kisha maji yakawa kama ya chai. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, nikainuka kwenye ndoo. Sasa aje aone. Nikachomoa waya wa swichi. Tak. Yakazidi. Aje aone.

Hakuja. Nikatoka mlangoni nikaita. Nikampigia simu, ikalia palepale juu ya meza, karibu na chakula cha samaki.

Nikarudi kwenye tangi. Wale bapa walikuwa wanapanda. Mmoja alilala ubavu kidogo, akajirekebisha, akalala tena. Midomo ikatoka nje ya maji. Nikatafuta jagi, sikuliona. Nikawaza, nikiacha hivi hivi, Daktari akirudi hana la kusema. Nikifunga, nimegusa, na mtambo utakuwa umeharibikia mikononi mwangu. Atasema usiniite. Myekundu itakufa.

Yule mkubwa akanigeuzia jicho. Jicho la samaki halina neno. Nikaweka mkono juu ya koki.

Ilizunguka kirahisi. Kama kizibo cha chupa. Mapovu yakapungua, yakaisha, duka zima likawa kimya. Nikabaki nimeishika, nikizifikiria zile siku zote, mchana na usiku, kiti kati ya kitanda na tangi.

Daktari akaingia akichokonoa meno.

"Nani kagusa koki?"

"Mimi."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa mimi nitajuaje kama ni mbovu? Umeshaigusa wewe! Mzee wangu, nilikwambia kabisa, ukii..."

Akawaona. Midomo ilikuwa bado juu, inavuta hewa. Akatupa kijiti. Akatoa jagi chini ya meza, akachota, akamimina. Maji yakamwagika kifuani.

"Inua zaidi," nikamwambia. "Maji yaanguke kutoka juu."

Akainua. Nami nikachukua bakuli nikamsaidia. Tulichota, tukamimina. Mteja akaja, akatuona, akaondoka. Wa kwanza kushuka alikuwa yule mkubwa. Daktari akaegemea ukuta, ndevu zinachuruzika.

Akaingia ndani, akatoka na boksi zima la mtambo mwingine, halijafunguliwa. Akaliweka kwenye kikapu changu.

"Na koki ya huu?" nikauliza.

"Iguse," akasema, hanitazami. "Iguse unavyotaka."

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita makaburini. Majani yalikuwa yameota. Niliyang'oa, nikayaweka pembeni, nikakaa chini na kikapu changu.

Nilimweleza kwa kifupi, yeye hakupenda maneno mengi. Nikamwambia ile myekundu imebaki vishina vichache. Nitaikata vichwa nivipande upya, kama nilivyokuwa nikimwona akifanya. Huenda ikashika. Huenda isishike.

Upepo mdogo ukapita. Nikajua pale angeniuliza nini, kama kila nilipofika nyumbani. Nikatazama njia niliyokuja nayo, miguu ikitaka kuinuka irudi.

"Sijamwachia mtu," nikamwambia. "Nimefunga."

Nikakaa kidogo zaidi.