Kiokosi cha Bi Uzi

Shangazi yangu hushona mikoba. Hatengenezi mipya, hufufua ile ambayo wenyewe wameshaikatia tamaa. Kibanda chake ni ile nafasi iliyo chini ya ngazi katika jengo la maduka, mahali ambapo mwenye jengo alikusudia kuweka mafagio na ndoo. Ukiingia huna budi kuinama. Shangazi husema ndiyo maana wateja wake wote wana adabu.

Kazi aliachiwa na mumewe, ambaye alikuwa fundi viatu. Marehemu alipofariki, Shangazi alibaki na sindano, nta, nyundo na watoto wawili. Alishona viatu kwa muda, kisha akahamia mikoba. Ukimuuliza sababu, atakwambia viatu vya watu vilikuwa vinamnukia hata akiwa kitandani, ilhali mkoba haujawahi kumnyima mtu usingizi. Watoto wakakua, wakasoma, wakaondoka. Yeye akabaki chini ya ngazi, na jengo zima likamwita Bi Uzi.

Ana sheria moja asiyoivunja: hafungui bitana ya mkoba bila shahidi. Bitana ni kile kitambaa cha ndani, na kikitatuka, vitu huteleza vikajificha kati yake na ngozi. Shangazi ameshakuta humo hereni, funguo, picha za wapenzi wa zamani, hata risiti ambayo mume fulani aliapa haipo. Kwa hiyo kabla ya kupitisha wembe, humwita Fundi, yule mshona nguo wa upande wa pili wa korido.

"Fundi, njoo uniazime macho," husema.

"Leo ni hereni au ni talaka?" Fundi hujibu, huku akija na pini zake mdomoni.

Mwaka niliomaliza chuo nilikuwa ninashinda pale, nikisubiri majibu ya maombi ya kazi na kubishana na kila mtu kuhusu haki. Ndipo likatokea jambo la Mama Vitambaa.

Mama Vitambaa ndiye mwenye duka kubwa la nguo katika korido ile. Mke wa mwanawe alikuwa akimsaidia kaunta. Msichana huyo alikuwa mchangamfu, mwepesi wa maneno, na ingawa aliolewa zamani kidogo, korido nzima iliendelea kumwita Bibi Harusi. Siku moja pochi ya Mama Vitambaa ikapotea. Ilikuwa na mauzo ya siku mbili. Mama Vitambaa akapekua droo, akapekua marobota, kisha akatoka katikati ya korido na kupaza sauti mpaka watu wa ghorofani wakachungulia kwenye ngazi. Alisema dukani kwake hakuna panya mwenye mikono, na kwamba mwizi amemlisha mwenyewe, amemwoza mwanawe.

Bibi Harusi alivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akauweka kwenye kaunta, akavuka korido na kumwomba Fundi kazi ya kushona vifungo. Tangu hapo mkwe na mkwe wakawa wanatazamana duka kwa duka bila salamu, na yule kijana, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, akawa anapita kati yao kichwa chini, kama mtu anayekimbia mvua. Lakini hayo hayakuwa mabaya zaidi. Mabaya yalikuwa haya: Bibi Harusi alipopita koridoni, wanawake walihamishia mikoba yao bega la pili. Polepole tu, bila kumtazama. Yeye aliona kila mara. Yale maneno yake mepesi yakamkauka.

Asubuhi moja Mama Vitambaa akaja kwa Shangazi na mkoba wake mkubwa mweusi, mpini umekatika. Akakaa kwenye kigoda, mkoba mapajani, akaanza kuisimulia tena habari ya pochi kana kwamba hatukuwapo.

"Nilimpenda kama niliyemzaa, Bi Uzi. Roho inaniuma."

"Pole, Mama."

"Mtu unampa kila kitu, naye anakupa kisogo." Alikuwa anaupigapiga mkoba kila neno lilipomchoma.

Akatoa vitu vyake vyote, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akatuachia mkoba. Shangazi akaunyanyua. Akaushusha. Akaunyanyua tena.

"Mtupu huu?"

"Mtupu," nikasema.

"Mbona una tumbo?"

Akabonyeza chini, karibu na mshono. Uso wake ukabadilika. "Kamwite Fundi. Usimwambie kitu."

Fundi akaja, akainama. Shangazi akafungua bitana kwa wembe, taratibu, akaingiza vidole viwili, akavuta. Ikatoka pochi ya kahawia, imenona. Fundi nusura ameze pini.

Mimi nilikuwa nimeshasimama, nikajigonga kichwa kwenye ngazi, na maumivu yale yakazidisha hasira. Nilitaka kutoka koridoni saa ile ile niitangaze. Hata Fundi alikuwa ameshageuka kwenda kumwambia Bibi Harusi.

"Kaeni," Shangazi akasema. "Mkimwambia ninyi, utakuwa umbea. Watu watasema Bi Uzi na Fundi wamemtungia mtoto wa watu hadithi ya kumsafisha. Wewe Fundi si ndiye umempa kazi? Neno hili lina mwenyewe."

"Na mwenyewe akikataa kulisema?" nikauliza.

"Tutaona bei yake."

Alasiri Mama Vitambaa akarudi kuchukua mkoba. Shangazi akampa pochi kwanza, mkononi. Mama Vitambaa akaitazama, akatazama bitana iliyoshonwa upya, akaelewa. Machozi yakamtoka. Akamkumbatia Shangazi, wote wawili wamejikunja chini ya ngazi kama wanatafuta sarafu. Kisha akafungua pochi na kuchomoa noti, si mbili wala tatu.

"Chukua, Bi Uzi. Mtu mwaminifu kama wewe anastahili."

"Ninastahili," Shangazi akasema. "Kiokosi ni haki ya aliyeokota. Ila mimi changu nitakitaja mwenyewe."

"Taja. Leo sikukatalii."

"Siku ile ulisimama pale katikati ukasema mkweo mwizi. Simama pale pale useme pochi ilikuwa kwenye mkoba wako."

Mama Vitambaa akatazama koridoni, akageuka. "Hilo nitalimaliza nyumbani. Nitamwita, tutazungumza kifamilia."

"Kwani ulimwita mwizi kifamilia?"

Fundi, aliyekuwa amejibanza nje akijifanya anatafuta pini sakafuni, akakohoa.

Hapo yakaanza mapatano ambayo sijapata kuyaona sokoni popote. Mama Vitambaa, ambaye kila mtu alijua ana mkono wa birika, alikuwa anapandisha bei, na Shangazi hashuki.

"Nakuongezea hizi."

"Umeongeza noti. Sauti sijaisikia."

"Basi nitasema pale mlangoni kwa Fundi, polepole."

"Siku ile walitoka hata wa ghorofani."

"Nitampa na kitambaa cha gauni. Viwili. Vile vya dirishani."

"Mpe, vitampendeza. Lakini atavivaa aende wapi, na watu wanamfichia mikoba?"

Mama Vitambaa akafunga pochi. "Na nikikataa?"

"Pochi ni yako, nenda nayo. Nilipe ushonaji tu, mpini na bitana. Sikushikii kitu chako, Mama. Lakini usiache hapa hata noti moja ya shukrani. Nikiipokea nawe hujasema, nitakuwa nimelipwa ninyamaze."

Nimesoma vitabu vingi vya haki na sheria. Sikumbuki ukurasa uliowahi kunisisimua kama maneno yale yaliyosemwa na mwanamke aliyekuwa akipaka uzi nta.

Mama Vitambaa akatoka. Tukadhani anakwenda dukani kwake. Akafika katikati ya korido, akasimama, akashusha mkoba. Akarekebisha mtandio. Akaurekebisha tena.

"Jamani," akasema. "Ile pochi yangu imepatikana. Ilikuwa kwenye bitana ya mkoba wangu mwenyewe. Mtoto huyu hakuiba. Nilimsingizia."

Bibi Harusi alikuwa mlangoni kwa Fundi, shati la mteja mkononi, kifungo kinaning'inia kwenye uzi. Akakitazama kile kifungo, nikadhani atalia.

"Mama," akasema, "wa ghorofani hawakusikia."

Kwanza hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Mama Vitambaa mwenyewe likamtoka cheko la puani, la kushtukiza, na lilipotoka halikurudi. Akainua uso kuelekea ngazi na kupaza sauti ileile ya siku ile, ila safari hii machozi na kicheko vikigombea njia.

"Nyinyi wa juu! Mwizi ni mkoba wangu! Mke wa mwanangu ni msafi!"

Vichwa vikajipanga kwenye ukingo wa ngazi. Mtu wa juu akauliza mkoba umeshapelekwa kituoni au bado. Korido ikaangua kicheko. Bibi Harusi akamfuata mama mkwe wake, akamshika mkono.

"Kesho urudi kaunta," Mama Vitambaa akamwambia.

"Sirudi kesho. Nina mashati ya Fundi hayajaisha."

"Nitakuongeza mshahara."

"Hilo nalo ulisemee juu kidogo, Mama."

Fundi alilalamika kwamba anaporwa mfanyakazi mchana kweupe, na yeye bado hajapata hata cha ushahidi.

Watu walipotawanyika, Mama Vitambaa akarudi chini ya ngazi. Akatoa zile noti, pamoja na zile alizoongezea. Sasa alikuwa na wasiwasi wa mtu anayetoa mkono bila kujua kama utapokewa.

Nilimtazama Shangazi. Nilijua atakataa. Nilikuwa nimeshamwandalia sifa kichwani. Shangazi akazipokea zote, akazikunja, akazitia kifuani. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Na ushonaji. Mpini na bitana."

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Si ulikataa?"

"Nilikataa nini? Nilisema zisitangulie."

Nimechoka na hadithi za maskini anayerudisha mali ya mwenye nacho, akapewa zawadi, akaikataa kwa unyenyekevu, na wasomaji wakafuta machozi wakalala vizuri. Kwa nini uaminifu wa mtu mwenye shida lazima ufanye kazi bure? Daktari mwema hulipwa, hakimu mwadilifu hulipwa, na hakuna anayesema malipo yameuchafua wema wao. Aliyeokota naye alipwe. Alipwe vizuri. La kuchunga ni moja tu, kwamba fedha hiyo isinunue kitu kingine chini kwa chini.

Siku ile Shangazi alifunga kibanda mapema. Alinituma kreti ya soda, nikaileta nikihema. Chupa ya kwanza akaifungua mwenyewe, akampelekea Bibi Harusi. Ya pili akampa Mama Vitambaa. Fundi akasema yake iwe kubwa, maana macho yake yametumika sana. Na Bibi Harusi, aliyekuwa amezoea kupita koridoni akiambaa ukuta, akaenda na chupa yake hadi katikati, akainywa pale pale, bila haraka, akitazama kila duka.