Jino la Mtani

Hadithi yangu ndefu ya kwanza niliiandika nikiwa na damu chini ya kucha. Alfajiri nilikuwa machinjioni na baba, nikibana pembe za ng'ombe huku yeye akipitisha kisu. Baadaye nilinawa kwa majivu, nikaketi uani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, kuandika. Kucha hazikutakata. Karatasi zilizokwenda Dar es Salaam, kwenye gazeti lililokuwa likichapa hadithi, zilikuwa na madoa ya kahawia pembeni, na nilijivunia madoa yale kuliko maneno yenyewe.

Niliandika habari za njia ya zamani, ile waliyoipita wapagazi kutoka kwetu bara hadi pwani. Nyimbo zao sikuzigusa. Niliandika kiboko kikichana mgongo, na mtu aliyefungwa mtini akaachwa, fisi wakimnyemelea kabla hajakata roho. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwenye njia ile, akarudi na sikio moja. Nilitaka kujua lile jingine lilibaki wapi.

Kila nilichopeleka kilirudi. Bahasha ilikuja na gari moshi, nami nikaikuta posta, mikononi mwa karani mmoja Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani, na utani wenyewe ulizaliwa njiani humo humo, wapagazi wetu walipokuwa wakikatiza nchi yao. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kukupokonya kofia, anaweza kujilaza ndani ya kaburi la marehemu wako na kugoma kutoka mpaka umpe kitu. Wewe huna haki ya kukasirika.

Karani aliijua haki yake. Alipoiona bahasha yangu aliiinua juu, foleni nzima ione, akaigeuza binti yangu.

"Jamani, binti wa Mnyamwezi kaachika tena. Safari hii mume hakumpa hata kanga."

Nilicheka nao, meno tu. Mara nyingine alisema binti ananuka utumbo. Kisha, katika kiangazi kimoja kikali, ikarudi bahasha nene kuliko zote, kazi yangu ya mwaka mzima. Nilijua bila kuifungua kwamba ndani mna kikaratasi kile kile cha asante. Karani akaipima mkononi, akaitegea sikio.

"Huyu hakuachika," akasema. "Huyu kafa. Mzike, mchinjaji wee, anaoza."

Nilimpiga. Ngumi ilivuka kaunta ikamkuta mdomoni, na nikasikia kitu kikivunjika ambacho hakikuwa kidole changu. Akaangukia mifuko ya barua. Damu ilirukia muhuri, ikarukia bahasha. Nikaruka kaunta nikampiga tena, kifuani, shingoni, nikiwapiga ndani yake wahariri wote nisiowajua sura. Walioniburuta nje hawakusema kwamba nimempiga karani wa serikali. Walisema, kwa sauti ya chini iliyonitisha zaidi, kwamba nimempiga mtani.

Habari ilimfikia baba kabla sijafika nyumbani. Alinicharaza mgongoni kwa ubapa wa panga mpaka nikapiga magoti, kisha akanikokota hadi kwa karani, jogoo akining'inia mkono wa pili. Karani alikuwa amebana kitambaa chekundu mdomoni. Angeweza kunishtaki kwa Mwingereza nikaozea jela. Alimkataa jogoo. Alidai fidia ya mtani, na alichotaka ni bahasha.

Nikasema hiyo ndiyo nakala pekee. Baba akaniuliza kama bado nina hamu ya panga.

Jumamosi, soko limejaa, karani alikuja buchani kwetu, akapanda juu ya gogo la kukatia nyama, akaanza kuisoma hadithi yangu kwa sauti. Mdomoni mwake, pale mbele, palikuwa na pengo, na kila "s" ilitoka ikipiga mluzi. Mpagazi wangu alikuwa akichanwa mgongo, akimsihi msimamizi, na kusihi kwake kukawa filimbi. Wanawake wenye vikapu waliegemeana kwa kicheko. Wenzangu, vijana tuliokuwa tukisomeana maandishi nyuma ya duka la fundi cherehani, walitazama viatu vyao. Baba aliendelea kupasua mifupa. Niliamriwa kukaa chini na kuvumilia, nikakaa, mikono mapajani, nikipima kwa macho umbali wa kisu.

Kwa kuwa sikuruhusiwa kufanya lingine, nilisikiliza. Polepole nikaanza kuvitambua vicheko. Kulikuwa na kile cha mluzi, na kulikuwa na kingine, kikavu, kilichozuka mahali ambapo mpagazi alihutubia msitu huku matumbo yakimtoka. Hapo hawakumcheka karani.

Kisha akafika pale ambapo msimamizi anamkata kijana sikio kwa kosa la kusinzia na mzigo, anamwamuru aendelee, naye kijana anaendelea, damu ikitiririka begani na kuipaka rangi pembe ya ndovu. Mluzi ulikuwepo. "Sikio" lilitoka kama kipenga. Hakuna aliyecheka. Panga la baba lilisimama hewani.

Karani akasita.

"Endelea, mtani," baba akasema, bila kumtazama mtu.

Ilipokwisha, karani alinitupia karatasi mapajani. "Huyu wa sikio ndiye binti," alisema. "Hao wengine wachinje. Kazi unaijua."

Niliwachinja. Masika yote nilikata. Yule mwenye hotuba nilimuua kwa mstari mmoja, fisi niliwafukuza, na nilichuna kurasa nilizokuwa nikizipenda hadi nikaufikia mfupa. Kisha nikaipeleka posta. Karani akambamiza mfalme muhuri usoni, pale kwenye stempu, akaitupa kwenye mfuko wa barua.

Ikarudi.

Foleni iligeuka nilipoingia. Walitazama mikono yangu. Ngumi ilikuwa imekwisha kukunjika yenyewe, nikizisikia kucha zikizama kiganjani, na karani alikuwa amesogea nyuma hatua moja. Hata hivyo aliinua bahasha juu.

"Mnyamwezi, binti yako ana nini? Mbona hakai kwa waume?"

"Anakutafutia jino, mtani," nikasema. "Pwani yote kazunguka, anasema halipatikani."

Alicheka mpaka pengo likapiga mluzi, na foleni ikapasuka pamoja naye. Ngumi ililegea. Nikanunua bahasha nyingine pale pale, nikaandika anwani, nikamsukumia.

"Haya," nikasema. "Mpige mfalme."