Kopo la Udongo Mlangoni

Nyumba ya Mzee Mfaume, pale Mwananyamala, ina mlango wa uani, na kando ya mlango huo limewekwa kopo la siagi lililojaa udongo msafi. Kopo ni la Mwamvita, bintiye. Kila jioni akirudi kutoka kazini Boko haingii ndani mpaka anawe mikono mara saba, moja ya hizo kwa udongo, kama sheria ya dini inavyomtaka mtu aliyepatwa na mate ya mbwa. Baba yake huketi barazani, akasikiliza maji yakimwagika, akahesabu.

"Hiyo ya sita," husema. "Usinipunje."

Mwamvita ana miaka ishirini na miwili. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi katika duka la dawa za mifugo la Dokta Projestus, kwa kuwa watu wa Boko wana mabanda ya kuku, ng'ombe wa maziwa wawili watatu, na mbwa wa kulinda mageti. Alianza kwa kufagia na kupanga chupa. Siku moja akaletwa mbwa aliyegongwa na bodaboda, na msaidizi wa dokta hakuwepo.

"Shika kichwa," Dokta Projestus akamwambia. "Na uongee naye."

Hakujua amwambie nini. Akamtajia vituo vya basi toka Boko mpaka nyumbani kwao, kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka mshono wa mwisho. Mbwa akatulia. Tangu siku ile moyo wake ulikwisha kuchagua. Yeye alibaki kuufuata tu.

Mwaka huu maombi ya vyuo yalipofunguliwa, dokta alimwita. "Baiolojia na kemia umefaulu. Omba kozi ya afya ya wanyama. Urudi unisaidie kwa cheti, siyo kwa huruma peke yake."

Fomu ilitaka sahihi ya mzazi. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana Mzee Mfaume alikuwa na chaguo lake tangu zamani: uuguzi wa watu. Mama yake Mwamvita alipokuwa anakata roho hospitalini, muuguzi mmoja asiyemjua alimfuta jasho, akamlaza vizuri, akamfumba macho kwa adabu kama dada yake. Mzee hakumsahau. "Nataka mwanangu awe kama yule," alikuwa akisema. "Wewe unataka kufumba macho ya mbwa?"

Nao vijana wa mtaani walikwisha kumpa jina. "Dokta Bobi huyo!" humwita akipita. "Shikamoo dokta, mbwa hawajambo?"

"Hawajambo," hujibu. "Wanawasalimia ndugu zao."

Sasa Mzee Mfaume alikuwa na siri moja, na aliyeijua ni Mwamvita tu. Macho yake yalikuwa yanapoteza nuru. Watu aliwaona kama vivuli nyuma ya pazia. Maandishi hayakuwepo tena duniani mwake. Barua zote alisomewa na binti yake. Basi Jumatatu, juma la Idi ya kuchinja, Mwamvita alitoka kwenye duka la stationari akiwa na fomu ya chuo cha mifugo mkononi, akamkuta baba yake barazani.

"Ndiyo ile ya uuguzi?" mzee akauliza, uso umemchangamka.

"Ndiyo, baba."

Akamshika kidole, akakiweka penye mstari. Mzee akatia sahihi yake ndefu ya kale, akasema alhamdulillahi. Jioni ile Mwamvita alinawa mara saba, akaongeza ya nane, na bado akajiona hajatakata.

Siku ya Arafa, kesho yake ikiwa Idi, watu wa mtaa walianza kuleta mbuzi uani, kama walivyofanya kwa miaka thelathini. Mzee Mfaume ndiye aliyekuwa akiwachinjia, lakini kabla ya kuchinja alikuwa akikagua, maana mnyama wa udhiya, sadaka ya Idi, hatakiwi kuwa kilema, wala mgonjwa, wala chongo, wala mchanga. Alikuwa amefunga. Akakagua kwa mikono: akafungua midomo akapapasa meno, akashuka miguuni, akapitisha kiganja mgongoni. Yaliyohitaji macho alimwachia Mwamvita, aliyesimama karibu kama aliyeshika kamba tu.

Bwana Anwar, muuza vipuri, alileta beberu mweupe aliyenona mpaka watu wakapiga mluzi.

"Huyo ni mbuzi au ni fahali?"

"Wivu huo," Anwar akacheka. "Ukaguzi wa nini hapo, mzee? Huyu mwenyewe anajikagua."

Mzee akamaliza meno, miguu na mgongo. "Macho?" akauliza chini chini.

Mwamvita alikwisha kuona. Jicho la kushoto lilikuwa na utando kama maziwa. Akapitisha mkono mbele yake, jicho halikupepesa. Anwar akamsogelea. "Tongotongo hizo, mwanangu. Unaishi na wanyama, hujui tongotongo?"

"La kushoto halioni, baba."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

"Basi Anwar, nyama yake ni halali, mle na wanao. Lakini kwa udhiya hafai. Tafuta mwingine."

Uso wa Anwar ukabadilika. "Mzee, samahani. Umemwona mwenyewe, au umeambiwa na mtoto?"

Mzee Mfaume akajifuta mikono. "Neno la huyu na jicho langu ni kitu kimoja," akasema. "Ukilikataa lake, usiniletee mnyama tena."

Anwar akaondoka na mbuzi wake. Mwamvita akabaki ameshika kamba ya mbuzi mwingine.

Hakungoja futari. Watu walipokwisha kutawanyika alipiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, ile fomu ya Jumatatu siyo ya uuguzi. Ni ya wanyama. Nilikudanganya."

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Akanywa maji, akala tende moja, akaswali. Swala ilikuwa ndefu. Alipotoa salamu hakugeuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ningekataa nikijua." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Leo nimemrudisha mtu na sadaka yake kwa sababu ya neno lako, Mwamvita. Kumbe unalo neno la mbuzi, na jingine la baba yako. Ilete."

Akaileta.

"Ichane."

Akaichana mara mbili, na kila mchano mzee aliusikiliza mpaka mwisho. Dirisha la maombi lilikuwa limebakiza siku mbili.

"Kesho tukimaliza kuchinja," mzee akasema, "nenda katoe nyingine. Uje unisomee yote, usiruke hata nukta. Sijasema nitatia sahihi. Nimesema unisomee."

Siku ya Idi, mikono yake ikinuka damu na sabuni, Mwamvita alikaa barazani akasoma. Alisoma jina la kozi, miaka, masomo, na sharti la afya. Akafika kwenye orodha ya wanyama ambao mwanafunzi atawahudumia. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku. Akavuta pumzi.

"Na mbwa, baba."

Mzee alitazama upande wa uani, mahali ambapo kwake palikuwa weupe tu.

"Lile kopo lina udongo?"

"Umebaki kidogo."

"Kajaze," akasema, akanyoosha mkono kutaka kalamu.