Mkebe Niliotoka Nao Wodini

Subira yangu iliisha pale daktari aliponiambia, "Mama, tulia, ni wachache wanaobahatika kuona kitu kama hiki," nami nikaumwaga mkebe wake wote mezani mbele ya wanafunzi wa uuguzi, maji yakawaingia viatuni, na kile kitu kikateleza mpaka kando ya kikombe chake cha chai. Najua ni aibu. Lakini hiyo ilikuwa aibu ya pili, na ya kwanza ndiyo iliyoniuma.

Mimi ni msichana wa Kegonga niliyeolewa na Mjaluo kule Macalder, na mama mkwe na mimi tunaelewana kwa Kiswahili cha kukwaruzana. Nilipojifungulia hospitali upande wa Homa Bay alinitumia neno moja tu: nije na biero, yaani kondo la nyuma, kwa sababu kwao mtoto ni wa boma pale kondo lake lilipozikwa, na bila hilo (aliyasema haya nikiwa bado na tumbo) mtoto ni mgeni kama mamake. Muuguzi akaliweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, rafuni. Asubuhi nikaenda kuuchukua mwenyewe nikakuta mikebe miwili, sawa kabisa. Kufungua niliona kinyaa, na pick-up ya shemeji ilikuwa inapiga honi, basi nikabeba uliokuwa karibu.

Njia nzima ulikaa mapajani pangu, mwepesi mno, na mtoto hakulia hata kidogo.

Nyumbani shimo lilikuwa tayari na wanawake wa boma wamelizunguka. Mama mkwe akafungua kifuniko ahakikishe. Ndani ya maji kulikuwa na kifuko chembamba kama utando wa yai, kimetapakaa vidoa vyekundu, na katikati kiumbe kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kimejikunja, hakina damu hata tone, unaona mpaka upande wa pili, jicho moja jeusi likitutazama. Maji yalipotikisika kikageuka, kana kwamba kimeitwa.

"Yawa! Nyar Kegonga," mama mkwe akaniita, yaani binti wa Kegonga, "umezaa wangapi?"

"Mmoja, mama."

"Na huyu ni wa nani?"

"Muulizeni vizuri," jirani mmoja akadakia, "mwenzake ana mkia!"

Kicheko kikaanza, kikakatika, kwa sababu kweli kilikuwa na mkia. Wakarudi nyuma, mbali na mimi na mbali na mtoto. Mama mkwe akasema, "Mtoto huyu simwiti jina mpaka biero yake ije."

Kesho yake nikarudi na mkebe na mtoto mgongoni. Kumbe ulikuwa wa daktari mgeni kutoka Nairobi, na kile kitu ni mimba changa ya mbuzi, ameitoa kichinjioni afundishie. Hata pole hakusema. "Unaona vidoa? Damu ya kwanza hutokea huko nje, kwenye kifuko, mwili ukiwa bado mweupe. Baadaye, kando ya mshipa mkubwa wa mgongoni, ndipo huzaliwa chembe mama za damu, zile zinazozaa damu yote, zikahamia kwenye ini, mwisho zikaingia mifupani. Mbuzi, panya, mtu, njia ni hiyo hiyo."

"Hata huyu wangu?"

"Hata wewe."

Nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba damu yangu ya kwanza ilitokea nje ya mwili wangu. Mtoto akapumua shingoni mwangu, nikasisimka.

"Kondo langu liko wapi?"

"Tulilikuta kwenye ule mkebe mwingine, tukasema lisipotee bure. Damu yake bado ina hizo chembe mama nyingi. Limeenda maabara Nairobi jana, kwenye barafu. Mama, tulia..."

Hapo ndipo nilipomwaga. Tangu siku hiyo sibebi chombo sijakifungua, honi ilie mpaka ichoke. Pale pale mezani niliomba karatasi, nikaandika nimesimama:

"Kwa Msimamizi wa Hospitali. Nalalamika rasmi kwamba kondo langu lilipelekwa Nairobi bila mimi kuulizwa. Sitaki kuelezwa tena damu inatoka wapi. Nataka lirudi, hata kama ni vipande, na daktari alilete Macalder mwenyewe, awaambie wale wanawake kwamba yule mwenye mkia hakuwa wangu. Jina la mtoto: bado."